Nobel mwenyewe alikuwa nani? Mtu wa baruti!

Kila Oktoba ni Nobel, Nobel, na 2021 tulichangamka sana alipoipata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Ila waulize vijana hapa Kibiti huyo Nobel alikuwa nani, kimya. Jamaa alikuwa mpasua miamba.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Sweden, mwaka 1833. Baba yake alikuwa mhandisi, leo tajiri kesho kafilisika, akaihamishia familia Urusi.

Enzi hizo mwamba ulipasuliwa kwa baruti nyeusi, dhaifu. Kulikuwa na nitroglisirini, kimiminika kilichogunduliwa na Mtaliano Sobrero mwaka 1847, lakini hicho kikitikiswa tu kinaweza kukumaliza. Alfred akaking'ang'ania. Septemba 1864 karakana ikalipuka, mdogo wake Emil akafa pamoja na wengine. Akakatazwa kutengeneza mjini, basi akahamia kwenye tishari ziwani! Mimi hapo namkubali na namwogopa.

Mwaka 1867 akaibuka na dawa. Ukichanganya kimiminika kile na udongo mwepesi unaofyonza, unapata donge tulivu, unalisokota kama mshumaa na kulisukuma kwenye tundu la mwamba. Halafu unalilipua ukiwa mbali, kwa kiwashio alichokibuni mwenyewe. Ndiyo dinamiti. Migodi na mahandaki ya reli yakampa utajiri wa kutisha.

Sisi wa delta tunajua tope na mikoko, mwamba uko juu huko. Pale kwenye Bwawa la Julius Nyerere walitoboa, wakajaza baruti, wakalipua, wakapata handaki la kuupisha Mto Rufiji, ukachepushwa Novemba 2020. Baruti za leo si zile za Alfred, ila njia ni ileile.

Alfred alifariki San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba 1896, hana mke wala mtoto. Sehemu kubwa ya mali aliiachia tuzo, ndugu wengine wakanuna. Za kwanza zilitolewa 1901.

Kinachoniuma ni kwamba pwani yetu, tangu miaka ya 1960, kuna watu waliochukua baruti ya kupasulia mawe wakairusha baharini. Samaki wanaelea, matumbawe yanakuwa kifusi, na ikiwahi kulipuka mkono unaondoka. Alfred alihangaika isilipukie mkononi, hawa wanaiwasha wameishika! Misako iliyoanza kupamba moto miaka ya 2010 imeipunguza sana.

Mdau wa Nyamisati au Mafia uliyewahi kuisikia ikilia majini, tupe habari hapo chini.