Ramanujan, karani wa bandari aliyefunzwa hisabati na vitabu viwili

Kama umemaliza Fomu Foo na unakaa Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda kuna kitabu cha hisabati au fizikia kimelala chini ya godoro lako. Ulikinunua kwa pesa zako mwenyewe, ukasoma kurasa 10, ukakwama. Sasa unajiambia kwamba hesabu si zako. Ngoja kwanza. Kabla hujajihukumu, sikiza maisha ya kijana mmoja wa ng'ambo ya bahari hii yetu ya Hindi, aliyekuwa karani wa bandari kama walivyo baadhi ya ndugu na wazazi wetu wanaofanya kazi Kilindini.

Jina lake Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 mjini Erode, kusini mwa India, akalelewa mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo, na mshahara haukutosha, kwa hivyo nyumbani kwao walikaa wanafunzi wa chuo waliolipa kodi. Wanafunzi hao ndio waliomfungulia njia. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 11 alikuwa amewamaliza hesabu zote walizozijua. Basi akapata kuazima kitabu cha trigonometria, yaani hesabu za pembe na pande za pembetatu, kilichoandikwa na Mwingereza S. L. Loney.

Zingatia kitabu hicho kilivyo. Loney alikuwa mwalimu, naye alikiandika kwa mtindo wa kufundisha. Anaanza na jinsi pembe inavyopimwa, anaeleza kwa nini, anakufanyia mfano, halafu anakupa maswali ya kujipima, na majibu yako nyuma. Anapanda nawe ngazi kwa ngazi mpaka kwenye hesabu za chuo kikuu. Mtoto asiye na mwalimu wa kiwango hicho aliweza kukifuata peke yake, na kufikia miaka 13 alikuwa amekimaliza. Kikampa hamu ya kutafuta yake mwenyewe. Akagundua mambo fulani ya trigonometria, akafurahi kweli kweli, kumbe yalikuwa yamegunduliwa na Euler zaidi ya karne moja kabla yake. Aibu ilimshika, akazificha karatasi zake kwenye paa la nyumba.

Kitabu cha pili alikipata mwaka 1903. Rafiki alimwazimia kutoka maktaba ya chuo cha serikali cha Kumbakonam. Mwandishi wake, G. S. Carr, alikuwa mwalimu wa binafsi London, akiwanoa vijana kwa mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni mkusanyiko wa maelfu ya kanuni zilizopewa nambari, moja baada ya nyingine, na maelezo machache mno. Kwa lugha ya siku hizi tungekiita kitabu cha marudio. Mwanafunzi wa London alikuwa na Carr mwenyewe wa kumuuliza. Kijana wa Kumbakonam alikuwa na karatasi tu.

Hapo ndipo tofauti ilipoingia. Kwa kuwa sababu hazikuandikwa, Ramanujan alijitafutia mwenyewe. Kila kanuni ikawa kwake swali, na kazi hiyo ikaamsha kipaji ambacho dunia imekiona mara chache. Lakini pia alizoea kuamini kwamba hisabati huandikwa hivyo, yaani unaweka jibu na kupita. Madaftari yake yakajaa majibu yasiyo na njia.

Tena akasahau kila somo jingine. Mwaka 1904 aliingia chuo cha Kumbakonam kwa ufadhili, akaupoteza kwa sababu alifeli Kiingereza. Mwaka 1905 alitoroka nyumbani. Mwaka 1906 alijaribu chuo kingine mjini Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai, akaugua, akafeli mtihani. Mwaka 1907 akarudia, akafeli tena. Digrii akaikosa, na bila digrii kazi ilikuwa ngumu. Mwaka 1909 alioa, na sasa kulikuwa na mke wa kulishwa. Karatasi zilikuwa ghali, hivyo alipiga hesabu kwenye kibao cha mawe kwa chaki, akafuta kwa kiwiko, akanakili jibu tu daftarini. Umaskini nao ulizidi kuficha njia ya hesabu zake.

Mwezi Machi 1912 aliajiriwa ukarani katika bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi. Bahati yake, mkubwa wake kazini, Narayana Iyer, alikuwa mtu wa hisabati, na mwenyekiti wa bandari, Sir Francis Spring, alikuwa mhandisi. Walimtia moyo aandike Uingereza. Barua za kwanza hazikumfaa kitu. Mnamo Januari 1913 akamwandikia G. H. Hardy wa Cambridge, akimpelekea kanuni zaidi ya 100. Hardy alikaa jioni nzima na mwenzake Littlewood wakizichambua. Baadhi zilijulikana tayari, chache zilikuwa na makosa, na nyingine hawakuwahi kuona mfano wake. Hardy akamjibu akimsifu, na akamtaka atume uthibitisho.

Chuo Kikuu cha Madras kikampa rupia 75 kwa mwezi afanye utafiti. Machi 1914 akapanda meli kwenda Uingereza. Hapo Hardy alikutana na tatizo la kile kitabu cha Carr. Kilikuwa kimepitwa na wakati, sehemu nzima za hisabati mpya hazikuwemo, na mwanafunzi wake hakuwa na wazo kamili la uthibitisho ni nini. Hata kanuni zake kuhusu nambari tasa, alizoziamini sana, nyingine hazikuwa sahihi, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwambia. Ilibidi Hardy amfundishe taratibu, bila kuua kile alichokuja nacho.

Kazi waliyofanya pamoja si mchezo. Chukua nambari 4. Unaweza kuigawa kwa njia 5: 4 yenyewe, 3+1, 2+2, 2+1+1, na 1+1+1+1. Rahisi, siyo? Sasa jaribu 100. Njia ni 190,569,292. Ramanujan na Hardy walipata fomula ya kukadiria idadi hiyo bila kuhesabu moja moja. Mwaka 1916 Cambridge ilimpa digrii kwa utafiti wake, yeye aliyefeli mara mbili kwao. Mwaka 1918 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza.

Lakini mwili ulikuwa umechoka. Vita vilikuwa vimezuka, hakula nyama, na chakula kilichomfaa kilipatikana kwa shida. Akiwa kitandani London, Hardy alimtajia kwamba teksi iliyomleta ilikuwa na nambari 1729, akiiona haina maana. Papo hapo Ramanujan akaeleza kwamba ndiyo nambari ndogo kabisa inayopatikana kwa njia mbili za kujumlisha vipeo vya tatu viwili. Hebu hakikisha: 12×12×12 ni 1728, ongeza 1. Kisha 10×10×10 ni 1000, na 9×9×9 ni 729. Alirudi India mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920. Umri wake ulikuwa miaka 32 tu. Madaftari yake yaliwachukua wataalamu miongo mingi kuyathibitisha. Bruce Berndt wa Marekani alichapisha vitabu vitano juu yake kati ya 1985 na 1998.

Sasa turudi kwako. Watu husimulia kwamba Carr ndiye aliyemtengeneza Ramanujan, na ni kweli kwa sehemu. Ila wengi husahau kwamba Loney alitangulia. Kama Carr angekuwa wa kwanza, hatujui kama yule mtoto angefika ukurasa wa pili. Na sisi wengine tusio na kipaji kile tunaanza moja kwa moja na vitabu vya akina Carr: vijitabu vya fomula na marudio ya KCSE, vilivyoandikwa kwa mtu ambaye tayari ana mwalimu. Tukikwama, tunajilaumu bure.

Kwa hivyo ukienda kutafuta kitabu, dukani, maktabani au kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu, usitazame unene wala jina. Fungua mada unayoijua nusu. Je, anakwambia kwa nini, au anakutupia fomula? Kuna mfano uliofanywa hatua kwa hatua? Kuna maswali mepesi kabla ya magumu, na majibu nyuma? Ukielewa mistari mingi na kukwama mahali pachache, hicho ni saizi yako. Ukikwama kila mstari, kirudishe, tafuta cha chini yake, hata kama ni cha Fomu Tuu. Hakuna aibu.

Kwa fizikia, ongeza sharti moja: kiwe na majaribio unayoweza kufanya nyumbani. Funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, lining'inize, lisukume kidogo, upime kwa saa ya simu. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Fupisha uzi uwe robo mita, itakuwa kama sekunde 1. Kitabu kizuri kitakueleza kwa nini uzi ulipungua mara nne lakini muda ukapungua mara mbili tu.

Na daftarini mwako usiandike jibu peke yake. Andika na njia yote, hata ikiwa ndefu, maana karatasi leo si ghali kama zilivyokuwa kwa yule karani wa Madras.