Churchill na Nguvu ya Maji ya Jinja

Winston Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza, lakini shuleni hakung'ara. Mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst aliufanya mara 3 ndipo akafaulu. Mwaka 1895 akawa afisa wa askari wapanda farasi. Mwaka 1898 alipigana Omdurman, Sudan. Na mwaka uliofuata alitekwa na Makaburu huko Afrika Kusini, akatoroka kifungoni.

Hayo askari wengi wameyasikia. Lisilosimuliwa sana ni safari yake ya mwaka 1907, alipokuwa naibu waziri wa makoloni. Alifika Jinja akasimama kando ya maporomoko ya Ripon, mahali Nile inapotoka ziwani. Wageni waliomtangulia walistaajabia uzuri. Yeye aliona mali inayomwagika bure, na katika kitabu chake cha mwaka 1908 alishauri maji hayo yazuiwe yaendeshe mitambo.

Hesabu yenyewe haimshindi askari yeyote. Kitu kilichoinuliwa huwa na nishati iliyowekwa akiba ndani yake: zidisha kilo zake kwa 9.8, kisha kwa mita za kimo chake, upate jouli. Askari wa Nkoma, pale Mbale, mwenye kilo 90 pamoja na mzigo wake, akipanda mlima wa Wanale hata afike mita 100 juu ya alipoanzia, amejiwekea jouli 88,200. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ikianguka mita 4, kama pale Ripon, hutoa jouli 39,200 tu. Ikianguka mita 20 hutoa 196,000, zaidi ya maradufu ya jasho la askari yule. Na Nile hupitisha mamia ya mita za ujazo kila sekunde.

Ndiyo sababu wahandisi hawakujenga Ripon penyewe. Waliteremka mtoni hadi Owen, wakajenga ukuta wenye kimo cha mita 31, ili maanguko yote mawili yawe anguko moja refu. Ripon ikazama.

Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa hilo tarehe 29 Aprili 1954, zaidi ya miaka 46 tangu ziara ile. Churchill, aliyekwisha kuiongoza Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa tena Waziri Mkuu, mzee wa miaka 79. Kabaka Mutesa wa Pili hakuwapo kwenye sherehe: serikali hiyo hiyo ya Churchill ilikuwa imempeleka uhamishoni Novemba 1953. Aliyeona mbali katika maji hakuona mbali hivyo katika watu.

Mashine ziliongezwa hata zikawa 10, na bwawa sasa huitwa Nalubaale. Churchill alifariki London tarehe 24 Januari 1965, Uganda ikiwa imekwisha kujitawala tangu 1962.