Ann Lowe, Mshonaji wa Gauni la Arusi

Ann Lowe alizaliwa mwaka 1898 huko Alabama, kusini mwa Marekani. Kushona alifundishwa na mama yake na nyanya yake, aliyezaliwa utumwani. Katika shule ya ushonaji mjini New York alitengwa chumba cha peke yake, kwa kuwa alikuwa mweusi.

Mwaka 1953 alimshonea Jacqueline Bouvier gauni la kuolewa na John Kennedy, aliyekuwa Rais baadaye. Siku kumi kabla ya arusi bomba likapasuka, maji yakaliharibu. Enyi washonaji wa Kabondo, mwaijua hofu hiyo! Akashona upya na wasaidizi wake, akapata hasara ya dola 2,200, wala hakuwaambia wenye arusi. Alipofikisha nguo, akaagizwa apite mlango wa watumishi. Akakataa: ama mlango wa mbele, ama arudi nazo. Akapita mbele.