Yatima wa Baghdad na Duara Lililorefushwa

Ukiwa kijana wa Majengo hapa Nyeri na ukapewa hesabu ya duaradufu, lile duara lililorefushwa, huenda ukadhani hayo ni mambo ya Wazungu watupu. Hebu mjue Al-Hasan bin Musa.

Aliishi Baghdad karne ya 9. Baba yake, Musa bin Shakir, alikuwa mjuzi wa nyota na rafiki wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala 813 hadi 833. Musa alifariki akaacha wavulana watatu wadogo: Muhammad, Ahmad na Al-Hasan. Khalifa hakuwatupa. Alimkabidhi gavana wa Baghdad, wakasomeshwa Baitul Hikma. Inasimuliwa kuwa hata akiwa vitani alituma barua kuwaulizia, mpaka gavana akalalamika kwamba amefanywa yaya!

Al-Hasan alikuwa na kipaji cha ajabu katika jometri. Kati ya vitabu 13 vya Euclid alisoma 6 tu. Mengine aliyatoa kichwani mwake. Basi inasimuliwa kuwa jamaa mmoja alimshtaki kwa Khalifa. Unadhani alisifiwa? Wapi! Khalifa alikubali kuwa ana akili, lakini akamweleza kwamba akili si udhuru wa kuacha kusoma kitabu kilicho msingi wa elimu yake. Wewe unayetegemea kipaji bila kufungua kitabu, hapo pana lako.

Baadaye ndugu hao walipata vitabu 7 vya Apollonius juu ya mikato ya koni. Kumbe nakala imejaa makosa, haieleweki. Al-Hasan hakukata tamaa. Alianza na silinda: ukiikata mshazari, unapata duaradufu. Akaandika kitabu chake mwenyewe. Ndugu hao pia wanatajwa kwa njia ya kuichora kwa uzi.

Jaribu uwanjani. Piga vigingi viwili, kimoja futi 6 kutoka kwa kingine. Chukua kamba ya futi 10, funga kila ncha kwenye kigingi chake. Ikaze kwa kijiti, kisha zunguka ukichora. Sasa tafuta mlinganyo. Kutoka katikati, kila kigingi kiko futi 3. Urefu wote wa umbo ni sawa na kamba, 10, kwa hiyo kila ncha yake iko 5. Kijiti kikiwa juu kabisa, kamba inagawanyika 5 kwa 5. Hapo una pembetatu mraba: 25 toa 9 ni 16, basi kimo ni 4. Mlinganyo wako ni x²/25 + y²/16 = 1. Uandishi huu wa x na y ulikuja karne ya 17, lakini umbo ni lile lile.

Al-Hasan alifariki kabla ya kukielewa kile kitabu. Ahmad akapata Sham nakala bora ya sehemu ya kwanza, kazi ikaendelea, nao Hilal al-Himsi na Thabit bin Qurra wakakitafsiri. Leo vitabu vya 5 hadi 7 vimebaki kwa Kiarabu tu. Kigiriki chake kilipotea. Na mwaka 1609 Kepler alieleza kuwa sayari ya Mars huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu.

Ndugu msomaji, mwezi huu tunawakumbuka mayatima kwa futari. Tuwakumbuke pia kwa karo na vitabu, na tuulizie hali zao hata baada ya Idd. Ramadhan Kareem.