Whitworth: Fundi aliyewafundisha wenzake kupima

MFANYABIASHARA anayepeleka injini ya gari lake la mizigo ikafunguliwe Gerezani, wilayani Ilala, ananufaika na kazi ya Joseph Whitworth, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Whitworth alizaliwa Stockport, Uingereza, mwaka 1803. Alifanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, kisha mwaka 1833 akafungua yake Manchester. Enzi hizo kila karakana ilikata skrubu kwa kipimo chake, hivyo nati ya huku haikuingia bolti ya kule. Mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja kwa wote. Mashine yake ya kupimia, iliyoonyeshwa London mwaka 1851, ilitambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Alifariki mwaka 1887.

Somo lake lingalipo. Nafasi ya oili kati ya krenkshafti na beringi kwa kawaida haifiki milimita 0.1. Ikizidi, presha ya oili hushuka na injini hugonga. Ikibana mno, beringi huungua. Kidole hakiwezi kuijua nafasi hiyo. Kabla injini haijafungwa, mwambie fundi apime kwa maikromita na alinganishe na kitabu cha injini. Beringi mpya haiponyi krenkshafti iliyolika.