Safari ya Karen: Mama Aliyeambiwa Kiswahili Hakina Tisa



Kama mjuavyo, muhula uliopita tulitazama sinema ya Out of Africa, ile iliyotoka mwaka wa 1985 ikazoa tuzo 7 za Oscar. Tangu siku hiyo hapa Kaloleni hakukaliki. Wengine wanataka twende Karen tukaone nyumba yenyewe. Wengine wanauliza, ati chama cha Kiswahili kina haja gani na Mzungu aliyekwenda zake kitambo? Basi nimepewa kazi ya kuandika maisha ya mama huyo, ili tukifunga safari tujue tunakwenda kuona nini. Nitafuata vituo vya safari yetu, ingawa maisha ya mtu hayafuati njia ya matatu, kwa hivyo mtanivumilia nikirukaruka.

Kituo cha kwanza ni stesheni ya reli. Tutatembea kwa miguu kutoka hapa, tupite City Stadium, tushike Landhies Road, tupite Muthurwa hadi Railways. Nauli ya bure hiyo. Mnakumbuka katika sinema kuna gari la moshi, naye Karen anakutana na Denys Finch Hatton njiani, kisha anafunga ndoa Nairobi? Hayo ni mambo ya watengeneza sinema. Ukweli ni kwamba alishuka melini Mombasa Januari 1914 na huko huko Mombasa, tarehe 14 ya mwezi huo, akaolewa na Bror Blixen wa Uswidi. Denys alikutana naye miaka 4 baadaye, mnamo 1918.

Alikuwa nani kabla ya hapo? Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 Rungsted, karibu na Copenhagen, nchini Denmaki. Baba yake, mwanajeshi na mwandishi, alijiua mwaka wa 1895, na msichana huyo alikuwa amempenda kuliko mtu yeyote nyumbani. Alisomea uchoraji, akatoa hadithi chache ambazo hazikumpa jina. Alimpenda kijana mmoja ambaye hakumtaka, akaishia kumkubali pacha wake, ndiye huyo Bror. Jamaa zake Karen wakatoa pesa, shamba likanunuliwa chini ya milima ya Ngong: ekari 6,000, na kati ya hizo kama 600 zikapandwa mibuni.

Kutoka stesheni tutapanda matatu namba 111 ya Ngong tushuke Karen. Njiani tutazame jinsi barabara inavyopanda, maana huo mwinuko ndio uliomwangusha. Shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000. Ukame ulikuja, kiwanda cha kahawa kikateketea mwaka wa 1923, bei zikaanguka. Bwana naye alipenda kuwinda kuliko kulima, akamwambukiza kaswende katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Walitengana mwaka wa 1921 na talaka ikatoka 1925. Mama akabaki kuendesha shamba hilo, jambo ambalo wanaume wengi wa wakati ule hawakulitarajia kwa mwanamke.

Sasa nifike pale panapotuhusu sisi wa Kiswahili. Alipokuwa mgeni, kijana mmoja wa Uswidi aliyefuga ng'ombe wa maziwa alimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu, sawa. Kufika nane, mwalimu akaruka hadi kumi. Kumbe neno tisa masikioni mwa Mswidi linakaribia neno la aibu, naye akaona haya kulitamka mbele ya mwanamke! Akamwambia kwamba Waswahili hawana tisa, wala kumi na tisa. Mama akaamini, akakaa na imani hiyo kwa muda, hata akaipenda. Aliyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka wa 1937, kile kilichozaa sinema. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, halafu nikajiuliza ni mambo mangapi mengine kuhusu sisi yaliyoandikwa kwa njia hiyo, mgeni akimfundisha mgeni.

Kiswahili alikipata hatimaye, kwa sababu ndicho kilichotumika shambani. Siku moja, wakati wa kuvuna mahindi, aliwatungia vijana wa kazi mistari ya Kiswahili yenye vina. Maana haikuwamo, maneno yalipangwa kwa sauti tu, na sarufi yake mwalimu wetu angeipiga kalamu nyekundu mpaka wino uishe. Lakini vijana walikusanyika, wakawa wanangoja kina kifike, wakacheka kilipofika, wakamwomba aendelee, wakiyafananisha maneno yake na mvua. Yeye alidhani mashairi yalikuwa jambo geni kabisa kwao. Huenda kwa vijana wale wa Kikuyu vina vilikuwa vigeni kweli, lakini ile Mombasa aliyoshukia melini ilikuwa imemzika Muyaka bin Haji tangu 1840, bingwa wa vina na mizani. Kwa hoja hii peke yake mimi nasema twende.

Kutoka kwenye mzunguko wa Karen tutapanda namba 24 hadi kwenye nyumba. Ni nyumba ya mawe yenye paa la vigae, iliyojengwa mwaka wa 1912, naye alihamia humo 1917. Msishangae mkiona vyumba si vile vya sinema. Watu wa sinema hawakupiga picha humu ndani. Walitumia nyumba yake ya kwanza, Mbagathi, iliyo karibu. Hata simba wao waliletwa kutoka Marekani, mambo hayo! Serikali ya Denmaki iliinunua nyumba ikaipa Kenya baada ya uhuru, na mwaka wa 1986 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho.

Tukiwa pale, ningependa tuwatafute waliokuwa nyuma ya picha. Wa kwanza ni Farah Aden, Msomali aliyemtumikia tangu 1914 mpaka siku ya kuondoka. Pili Kamante Gatura, mtoto mchungaji aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni, akatibiwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi akawa mpishi stadi. Tatu Chifu Kinyanjui wa Gathirimu. Huyu, alipokuwa mgonjwa mahututi, aliomba akafie nyumbani kwa Karen. Karen alikataa, kwa kuogopa lawama na kwa kuchoka na matatizo yake. Sinema haina habari hiyo, lakini mwenyewe aliiandika bila kujificha, na kwa hilo namheshimu.

Halafu kuna maskwota. Wakikuyu hawa walikaa shambani kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Wengi wao walizaliwa papo hapo, na wazee wao walikuwa hapo kabla ya mlowezi yeyote. Shamba lilipouzwa mwaka wa 1931, walitakiwa kuhama, na sheria haikuwaruhusu kununua ardhi mahali pengine. Ombi lao lilikuwa wakae pamoja popote watakapopelekwa. Hapa nampa mama haki yake: alizunguka ofisi moja hadi nyingine mpaka serikali ikakubali kuwapa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Katika sinema tunamwona amepiga magoti mbele ya Gavana, nasi tukamhurumia. Lakini waliokuwa wakipoteza makao hawakupewa hata sentensi moja ya kujitetea. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alimshambulia mwandishi huyu vikali, kwamba aliwafananisha Waafrika na wanyama. Ukisoma kitabu utaona mahali anaposema kweli. Utaona pia mahali ambapo hakuna mlowezi mwingine aliyetutazama kwa makini kama yeye.

Mnunuzi alilikata shamba kuwa viwanja vya Wazungu, mtaa ukaitwa Karen. Wapo wanaoshikilia kwamba jina ni la binamu yake, si lake. Miaka ya 1940 manispaa ikajenga Kaloleni yetu kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakitiwa kazini, na ukumbi wetu ukaja kuwa mahali pa mikutano ya wanasiasa wa KAU. Kwa hivyo tutakapotoka hapa mpaka kule tutakuwa tumeivuka ramani ya mkoloni kutoka pembe moja hadi nyingine.

Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Denys ilianguka Voi akafa. Karen alimzika kwenye mteremko wa Ngong, na baadaye kaka wa marehemu akasimamisha mnara pale. Kituo hiki tutakiacha kama muda hautoshi. Mwaka huo huo Karen alirudi Denmaki bila shamba wala mume, akiwa na miaka 46, akaanza kuandika kwa dhati. Kitabu cha 1934 kilitoka kwa jina la Isak Dinesen, wengi wakadhani ni mwanamume. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 katika nyumba aliyozaliwa. Kenya hakurudi tena.

Jioni tutarudi kwa Ngong Road, tupitie Dagoretti Corner. Anayetaka kwenda ampe katibu jina lake mapema. Daftari na kalamu ni lazima, chakula kila mtu abebe chake, na kila mmoja aje na ubeti wenye vina alioutunga mwenyewe. Tutaisoma pale nyasini nyuma ya nyumba.