George Parker: Mwalimu aliyetengeneza kalamu baada ya kuchoshwa na malalamiko ya wanafunzi

Nyoka wawili wa fedha wamejizungusha kwenye kalamu ya wino, mmoja mwilini, mwingine kwenye kifuniko, na macho yao ni ya kijani. Ilitoka kiwandani mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mkusanyaji wa kalamu za zamani akisikia kuna moja inauzwa, usingizi hapati. Mnadani huenda kwa maelfu ya dola za Marekani.

Mwenye jina lililochorwa kwenye kalamu hiyo ni George Safford Parker. Huyu hakuanza na fedha wala dhahabu. Alianza na vidole vya wanafunzi vilivyojaa wino.

Parker alizaliwa Novemba 1, 1863, mjini Shullsburg, jimbo la Wisconsin, Marekani, akakulia shambani huko Iowa. Kazi ya shamba haikumvutia. Akatafuta ujuzi uliokuwa na soko wakati ule, nao ni telegrafu, mitambo ya kutuma ujumbe kwa milio kupitia waya. Reli zilikuwa zinajengwa kila upande, na kila stesheni ilitaka mtu anayeijua kazi hiyo. Basi akaenda Janesville, Wisconsin, akasoma katika chuo cha Valentine, na alipomaliza akabakizwa kuwa mwalimu.

Mshahara haukutosha. Pembeni akawa anauza kalamu za wino za John Holland wa Cincinnati, na wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi wake mwenyewe. Mtu wa telegrafu anahitaji kalamu isiyokwama, maana ujumbe unaingia huku yeye anaandika papo hapo.

Tatizo ni kwamba kalamu za enzi zile, karibu za viwanda vyote, zilikuwa zinakwama au zinavuja. Wanafunzi wakamrudia aliyewauzia. Hebu fikiria: umemuuzia mtoto wa watu kalamu kwa hela yake ya shida, halafu kesho yuko mbele yako darasani, vidole vyeusi, anakuangalia. Parker angeweza kuwaambia wapeleke malalamiko kiwandani. Badala yake akanunua vifaa vidogo vya ufundi, akawa anazifungua na kuzirekebisha mwenyewe nje ya saa za vipindi.

Ukifungua kitu kila siku, mwisho unakijua kuliko aliyekiunda. Mwaka 1889 akapata hataza ya kalamu yake ya kwanza. Lakini hataza si mtaji. Mtu wa bima aitwaye W. F. Palmer ndiye aliyeingiza dola 1,000, na mwaka 1892 kampuni ya Parker Pen ikasajiliwa hapo hapo Janesville.

Dawa yake ya kuvuja ilikuja mwaka 1894. Kalamu ikisimama mfukoni, kuna wino unaobaki kwenye njia ya wino, nyuma ya nibu. Joto la mwili linapasha hewa iliyomo ndani, hewa inatanuka na kuusukuma ule wino nje. Ukivua kifuniko, tayari umejipaka. Parker akairefusha njia ile kwa nyuma na kuikunja, mwisho wake uguse ukuta wa ndani wa kalamu. Wino ukawa unavutwa na ukuta huo na kurudi tangini. Kakunjo kadogo tu! Akakaita Lucky Curve, Mkunjo wa Bahati, na ndiko kalikouza kalamu zake kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa fedha na dhahabu ziliingiaje? Wino wa zamani ulikuwa na asidi, unakula chuma. Ndiyo maana nibu nzuri zilikuwa za dhahabu, na nchani pakawekwa tone la metali ngumu sana ili isilike kwa kusuguana na karatasi. Mwili ulikuwa wa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ebonaiti haidhuriki na wino, ila nyingi zilikuwa nyeusi tii, ukiona moja umeziona zote. Viwanda vikaanza kuzivisha: fedha iliyotobolewa kama lesi, dhahabu, maua, na kwa Parker, nyoka. Waterman wa New York naye alizivisha zake vizuri sana, lakini wale nyoka ni habari nyingine.

Parker mwenyewe alipenda kusafiri, na safari hizo zilikuwa za biashara pia. Kufikia mwaka 1903 kalamu zake zilikuwa zinauzwa Denmark. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, kampuni ikatengeneza kalamu ya askari wa mahandakini: mkiani ina nafasi ya vidonge vya wino, askari anatia kidonge, anaongeza maji, anaandikia nyumbani.

Mwaka 1921 akacheza kamari kubwa. Alitoa Duofold, kalamu nene ya rangi nyekundu, kwa dola 7, wakati kalamu ya kawaida ilipatikana kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Haikuvishwa fedha wala nyoka, rangi tu na ukubwa wake. Ilinunuliwa kama njugu. Kwa wanaopenda kalamu za fedha hapo ndipo pa kusikitika kidogo, kwa sababu rangi ilipoanza kuuza, mavazi ya fedha yakaanza kupoteza soko.

Parker alifariki Julai 19, 1937, akiwa na miaka 73. Hakuiona Parker 51 ya mwaka 1941, ambayo kifuniko chake cha chuma kinajulikana na wakusanyaji wote. Wala hakuiona ile ya mwaka 1965, iliyotengenezwa kwa fedha iliyoopolewa kwenye meli za Hispania zilizozama Florida mwaka 1715. Hizo zilitengenezwa 4,821 tu.

Anayezitafuta za enzi zake anajua pa kuangalia. Fedha halisi ina mhuri wa sterling. Iliyopakwa dhahabu huonyesha shaba nyeupe-njano kingoni, pale ilipolika. Iliyosuguliwa mno na dawa ya kung'arisha imepoteza michoro, na hairudi. Ebonaiti iliyogeuka kahawia imekaa sana juani au majini, na ukiiloweka kwenye maji ya moto utaimaliza kabisa.

Kisha anaomba ruhusa ya kuchomoa nibu taratibu. Anataka kuona kama ule mkunjo wa mwaka 1894 bado upo, kwa maana mafundi wengi waliouona bila kujua kazi yake waliukata.